Unahamia ng'ambo moja kwa moja? Anza na vyeti

Ndugu, umesema una masanduku mawili ya kilo 23 na hujui uache nini. Nakuelewa kabisa. Mimi nilipohama nilijaza vyombo nikasahau cheti cha ndoa, nikahangaika miezi kadhaa kukipata.

Vyeti halisi vya kuzaliwa, shule, ndoa na chanjo vikae kwenye begi la mkononi, nakala umwachie mtu unayemwamini. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Lakini uliza ubalozi kwanza, maana dawa halali kwenu inaweza kuwa marufuku huko.

Pasi ya nguo ya volti 230 haitapata moto vizuri penye volti 120, igawe. Picha za wazazi zichukue, hata kama albamu ni nzito. Sufuria utanunua hukohuko.