Busta, kantangaze na mabua yaliyochomwa

Mahindi yangu yamefika magotini na yameanza kuwa ya njano. Nipige busta gani? (Ngaramtoni)

Swali hili linakuja kila masika, kinachobadilika ni jina tu la busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani. Inama uangalie majani ya chini kabisa. Kama njano imeanzia kwenye ncha ikafuata mshipa wa katikati, mmea una njaa ya naitrojeni. Palilia kwanza, kisha weka mbolea ya naitrojeni, CAN au urea, pembeni ya shina, udongo ukiwa na unyevu. Urea uifukie, la sivyo sehemu yake itapotelea hewani. Majani ya zambarau ni habari nyingine: hapo shaka ni fosforasi, na dawa yake ilikuwa mbolea ya DAP siku ya kupanda. Kichupa cha busta hakibebi naitrojeni ya eka nzima, hata muuzaji aape vipi.

Sasa nikuulize mimi: mabua ya mwaka jana yako wapi? Kama uliyachoma, naitrojeni na salfa vilipanda na moshi, ukabaki na majivu. Kama uliwapa wenye ng'ombe, samadi ilirudi? Watu wanatoa mabua bure halafu wanakopa hela ya mbolea. Pataneni mapema: trela la mabua liende, samadi irudi.

Samadi mbichi naweza kuweka shimoni nikapanda hapo hapo? (Hai)

Hapana. Irundike, ifunike, uigeuze mpaka ipoe na harufu iishe. Mbichi inaunguza mizizi na kukuletea magugu ya shamba la mwenzio.

Kantangaze (viwavi wa nyanya) wananimaliza. Nachanganya dawa tatu na bado nyanya zinatobolewa. (Tengeru)

Soma kiambato kwenye lebo, yaani sumu yenyewe iliyomo, siyo jina la biashara. Mara nyingi hizo tatu ni chai ile ile kwenye vikombe vitatu, na mdudu ameshaizoea. Kiwavi anakula akiwa ndani ya jani, kwa hiyo chuma majani yenye michirizi uyafukie mbali, tundika mitego ya feromoni (harufu inayovuta madume), na ukivuna usirudishie nyanya, viazi mviringo wala bilinganya. Weka mahindi au maharage.

Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa hapo hapo kwenye lebo. Wapo wanaopiga dawa jioni na alfajiri tenga liko soko la Kilombero, Arusha. Hao hao wana tuta dogo nyuma ya nyumba, la kula wenyewe, lisilopigwa kitu.

Tumegawana kihamba, shamba letu la nyumbani la ukoo. Kaka anataka kukata mti wa mringaringa ili kahawa ipate jua. (Kibosho)

Mwambie kaka apunguze matawi, shina aliache. Arabika inataka kivuli chepesi, na majani yanayodondoka ndiyo matandazo yenu ya bure. Akishupaa, aulize kwanza habari ya kibali.

Nafasi ya mahindi? (Himo)

Sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo.

Naweza kupanda tena mbegu ya chotara niliyovuna? (Usa River)

Itaota, ila mavuno yatashuka. Kama unataka kujiwekea mbegu, panda isiyo chotara, mfano Situka. Na ukinunua dukani dai risiti; mfuko ulioshonwa upya kwa mkono uuache hapo hapo kaunta.