Filamu ya chuo imekwama? Leteni maswali

Wiki hii wanafunzi wa filamu ndo mmenijazia meseji, naona tarehe ya kukabidhi kazi imewabana. Nimechukua matano.

Tumeshuti geto kwa mshkaji usiku, kwenye kompyuta naona mistari myeusi inapanda ukutani kila sini. Simu mbovu?

Simu nzima, shida ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani unazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubu na zile LED za bei chee zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho lako halioni ila kamera inaona vizuri tu, na simu nyingi zinakuja zimesetiwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, hesabu inayoendana na nchi za 60 Hz. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari inaondoka hapohapo. Zile mlizokwisha shuti kuzisafisha ni kazi ya kukesha, kama sini ni fupi rudieni mchana, dirisha wazi na taa imezimwa.

Sauti tulirekodi na simu ya pili. Mwanzo wa klipu mdomo na sauti viko sawa, ikifika dakika ya tatu mtu kashafunga mdomo bado anaongea!

Hii ilishanilaza njaa. Simu hairekodi fremu kwa mwendo mmoja, mwanga ukipungua nayo inapunguza, ukirudi inaongeza, sasa ukiingiza kwenye programu ya kuedit yenyewe inahesabu kama fremu zote zimepishana sawasawa. Pitisha klipu zote HandBrake kwanza (programu ya bure ya kubadilisha video), chagua mwendo wa fremu usiobadilika (Constant Framerate), ndo uingize kwenye programu ya kuedit, DaVinci Resolve au chochote unachotumia. Rekoda nayo iweke 48 kHz, kipimo cha sauti kinachotumika kwenye video. Na kila teki mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili mkiedit mlinganishe sauti na picha, hamna kile kibao cha kugonga cha filamu sawa, mikono si mnayo?

Lokesheni yetu ni nyumba ya uswahilini, kelele haziishi. Tufanyeje?

Aisee hapa tukae kidogo, maana picha mbovu watu wanavumilia wanasema ni staili, sauti mbovu wanatoka nje kununua soda.

Kwanza nendeni bila kamera, saa ileile mtakayoshuti, mkae kimya dakika kumi mnasikiliza tu. Andikeni adhana ni saa ngapi, fundi welding anaanza saa ngapi, watoto wanatoka shule saa ngapi, halafu sini za maongezi mzipange kwenye yale mapengo. Bodaboda huwezi kumzuia ila maiki unaweza kuisogeza, yaani hata simu ya kurekodia ukiificha kifuani kwa msanii chini ya kanga inashinda maiki ya hela nyingi iliyokaa mita tatu. Ila kanga isiisugue, ibane na plasta.

Halafu kuna friji. Filamu yangu ya mwaka wa pili tulishuti kwa shangazi, friji lake linanguruma kama daladala inapanda mlima, tukalichomoa, tukafanya kazi vizuri, tukapakia vitu tukaondoka. Kesho yake napigiwa simu, kilo nne za kibua zimeoza na harufu imefika mpaka kwa jirani. Nililipa, na kwa mwezi mzima nikawa naitwa "dairekta" kwa ile sauti ya kejeli. Siku hizi nikichomoa friji naweka funguo za pikipiki humo ndani, siwezi kuondoka bila kulifungua.

Mwisho kabisa, kabla hamjaondoka kila chumba rekodini dakika moja ya kimya, hakuna kuongea wala kuhema kwa nguvu. Edita ataitumia kuziba pale anapokata maneno.

Mhusika mkuu kanyoa upara katikati ya kushuti. Nilie au nicheke?

Cheka, halafu fungua skripti. Sini zilizobaki mvalishe kofia, au mshuti kwa mgongo mtu mwingine mwenye umbo lake, na sini moja igeuze iwe voisi noti ya WhatsApp, tunaona tu anayeisikiliza. Au upara uingie kwenye stori, huku kwetu mtu akifiwa kunyoa si jambo la ajabu. Next time sini zake zote mzimalize siku za mwanzo.

Skripti inasema wapenzi wanaangalia jua likizama baharini. Tumeenda Coco Beach siku mbili, jua halizami baharini!

Na halitazama, hahaha. Pwani ya Dar inaangalia mashariki, jua linatokea baharini, kuzama linazama huko nyuma yenu upande wa Kimara. Kama nauli ya boti ipo, Forodhani Unguja mnalipata likizama majini. Kama haipo shuti macheo uyaite machweo, mtazamaji hana dira. Kuna wanaoirudisha klipu kinyumenyume ili jua lishuke, inakubali ila mawimbi nayo yatarudi nyuma na kunguru ataruka kwa mkia, basi kaeni kwenye sekunde chache na fremu ya juu isiyogusa maji. Huku karibu na ikweta jua halikusubiri, ile rangi nzuri mnayo kama nusu saa tu, kwa hiyo saa 11 alfajiri muwe mshafika, wasanii wameshavaa na maiki imeshajaribiwa. Wa bajaji mlipeni jana yake.