Cleveland na Baltimore: chuki ilikotokea

Kaka, umeuliza kwa nini shabiki wa Browns, timu ya Cleveland katika NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), anaichukia Ravens ya Baltimore hivyo, wakati Pittsburgh ndiyo iliyo jirani. Ni kwa sababu Ravens ni timu yao iliyohamishwa. Mwaka 1995 mmiliki, Art Modell, alitangaza anaipeleka Baltimore, na msimu wa 1996 ikaanza kucheza huko. Cleveland wakabaki na jina, rangi na historia, bila wachezaji, hadi Browns mpya ilipoanza mwaka 1999. Na kidonda hakijapoa, waliohama wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, Januari 2001! Browns mpaka leo hawajawahi hata kuicheza.

Bengals wa Cincinnati nao wana lao. Kocha Paul Brown, ambaye Browns inaitwa kwa jina lake, alifukuzwa na Modell huyohuyo mwaka 1963, akaenda kuanzisha timu hiyo Cincinnati, jimbo lilelile la Ohio.

Steelers wa Pittsburgh? Hao wana vikombe 6 vya Super Bowl, wanapunga vitaulo vyao vya njano na kukukumbusha hesabu hiyo hata hujawauliza. Wanachosha, lakini utawajibu nini?

Halafu timu hizi 4 ziko kundi moja la ligi, AFC North, na kila timu inakutana na kila mpinzani wa kundi mara 2 kwa msimu, kwa hiyo kisasi hakingoji mwaka. Msimu wa 2023 zote 4 zilimaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo. Ndiyo maana mashabiki wa AFC North wanaringa kwamba hakuna kundi gumu kama lao, na mimi siwabishii.