Mkufu wa kuchovya dhahabu na maji ya bwawa

SWALI: Dada, mkufu wangu wa kuchovya dhahabu naoga nao, naogelea nao. Miezi 3 tu, shingo imekuwa ya kijani! Nimeuziwa feki?

JIBU: Si lazima, mdogo wangu. Dhahabu hiyo ni utando tu, mara nyingi haufiki hata maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita). Sabuni na msuguano wa taulo huulamba, kisha shaba iliyo chini inakutana na jasho. Ndiyo rangi unayoiona, ikioshwa hutoka. Mimi klorini, dawa ya maji ya bwawa, iliniharibia pete ya fedha, ikawa nyeusi tititi. Cha kuogelea nacho ni metali ya titani, au chuma cha pua cha aina ya 316L. Hata dhahabu ya karati 14 siingii nayo bwawani: karibu asilimia 42 yake ni metali nyingine, na klorini hushambulia hizo.