Walipewa haki ya kupiga kura, au walilindiwa?

Swali: Nimesoma katika taarifa moja: "Wamarekani weusi walipewa kura mwaka 1965." Mwenzangu anasema sentensi haina kasoro, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipitishwa mwaka huo. Mimi inanikwaza. Je, kilichokosewa ni Kiswahili au ni historia? Na "wachache" wanaotajwa katika habari kama hizo, ni sawa kuwaita hivyo?

Jibu: Vimekosewa vyote viwili, na kosa limekaa kwenye kitenzi "kupewa".

Tuanze na lugha. Kwa Kiswahili, anayepewa kura ni mgombea. Husimama jukwaani akasema "nipeni kura zenu", na akishindwa hulalamika kwamba wananchi wamemnyima kura. Kwa hiyo anayesoma "Wamarekani weusi walipewa kura" ana haki ya kuelewa kwamba waligombea wakachaguliwa. "Kunyimwa kura" nako kuna shida hiyohiyo. Mpiga kura hunyimwa haki ya kupiga kura, au huzuiwa kupiga kura. Hata "kulinda kura" kuna maana yake iliyozoeleka: kukaa macho masanduku na hesabu visichezewe. Sheria unayoiulizia inalinda haki ya mtu kuandikishwa na kupiga kura, mambo yanayotangulia sanduku.

Sasa historia. Haki yenyewe ilikuwamo katika Katiba ya Marekani tangu 1870. Marekebisho ya 15 yalikataza raia kunyimwa haki ya kupiga kura, au kupunguziwa, kwa sababu ya asili yake, rangi yake au kuwahi kuwa mtumwa. Hilo la kupunguziwa waandishi wetu hulisahau, na ndilo lililohitaji ulinzi zaidi, kwa sababu majimbo ya Kusini yalipitia njia za pembeni. Katiba ya Mississippi ya 1890 haikutaja rangi ya mpiga kura. Ilidai mtu awe amelipa kodi ya kura, na aweze kusoma kifungu chochote cha katiba ya jimbo, au akisomewa akielewe na kukifafanua vya kutosha. Aliyeamua kama ufafanuzi umetosha ni ofisa mwandikishaji. Huko Louisiana, wapiga kura weusi walioandikishwa walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufikia 1904 walibaki kama 1,300. Kwa hao, kitenzi sahihi ni "kupokonywa", kwa kuwa walikuwa nayo na walikuwa wakiitumia. Watoto wao, waliofikia umri wakakuta vikwazo vimeshawekwa, "walizuiwa".

Ndiyo maana sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 6 Agosti 1965 haiwezi kusemwa kwamba iliwapa haki. Ilisimamisha mitihani ya kusoma na kuandika katika maeneo yaliyokuwa na ubaguzi mkubwa, ikaruhusu serikali kuu kupeleka maofisa wake kuandikisha watu, na ikayalazimu maeneo hayo kuomba idhini Washington kabla ya kubadili kanuni yoyote ya upigaji kura. Mississippi, ambako weusi walioandikishwa hawakufika asilimia 7, ilikaribia asilimia 60 kufikia 1967. Basi andika: "Mwaka 1965 Wamarekani weusi walilindiwa haki yao ya kupiga kura." Naisisitiza hii kwa sababu "kupewa" humfanya mwenye haki aonekane mpokea fadhila. Waandamanaji waliopigwa na askari kwenye daraja la Selma, mji wa jimbo la Alabama, Machi mwaka huohuo, walikuwa wakidai kilicho chao.

Uangalifu huohuo unahitajika ukiandika juu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2013 katika shauri la Shelby County, wilaya ya Alabama iliyoipinga sheria hiyo ya 1965. Mahakama ilibatilisha fomula iliyoamua ni maeneo gani yaombe idhini. Usiandike kwamba "ilifuta haki ya kupiga kura". Andika kwamba iliondoa kinga muhimu ya haki hiyo.

Kuhusu "wachache": neno hilo peke yake hutaja idadi ya papo hapo. "Wachache walipiga kura" maana yake waliojitokeza hawakuwa wengi. Ukikusudia jamii, sema "jamii za walio wachache". Angalia pia mpangilio: katika "haki ya kupiga kura ya walio wachache", jicho huunganisha kura na wachache. "Haki ya jamii za walio wachache kupiga kura" inasomeka bila kukwama.

"Jamii ndogo" siipendi, na "lugha ndogo" inapotosha kabisa. Mwaka 1975 sheria hiyo ilipanuliwa iwalinde pia raia wenye asili ya Kihispania, Wenyeji wa Alaska, Wahindi Wekundu na Wamarekani wenye asili ya Asia, kwa kudai karatasi za kura na maelezo ya uchaguzi yatolewe kwa lugha zao pale idadi yao inapofikia kiwango kilichowekwa. Kihispania, kwa mamilioni ya wasemaji wake duniani, hakiwezi kuitwa lugha ndogo. Waite "raia wanaosema lugha isiyo ya walio wengi". Ni ndefu, lakini ndiyo iliyo kweli.