Kidonda si shahidi: nimeota vidonda sehemu za siri, je nimtuhumu mume wangu?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh, samahani swali langu la aibu kidogo. Mi ni mama wa watoto wawili na wallahi sijawahi kumjua mwanaume mwingine zaidi ya mume wangu. Yeye ni dereva wa malori ya Kongo, akirudi anakaa siku chache anaondoka tena. Wiki iliyopita nimeota vidonda huku chini, vinauma hasa nikikojoa. Shoga yangu mmoja anasema mume kaniletea magonjwa ya zinaa, mwingine anasema hilo ni jini mahaba nikasomewe. Mume anarudi Ijumaa, naogopa akiviona atasema mi ndo niliyetoka nje. Je nimuulize alikuwa na nani? Nikimnyima unyumba nitapata ile laana ya malaika? Swala zangu je? Na zahanati ya kwetu daktari ni mwanaume.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah dada yangu. Kwanza toa hiyo samahani, hakuna cha kusamehewa hapo. Kuna swahaba alipigwa jiwe kichwani safarini akapasuka, usiku akapata janaba, akauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu, yaani kujipangusa udongo badala ya maji, wakamwambia hapana maji yapo, akaoga akafa. Habari ilipomfikia Mtume swalallahu alayhi wasallam akasema wamemuua, kwa nini wasiulize walipokuwa hawajui, hakika dawa ya kutojua ni kuuliza. Kaipokea Abu Daud. Sasa wewe umeuliza, tena kuhusu kidonda pia, umefanya sawasawa.

Nianze na hilo neno lenyewe maana ndo linalokutesa. Sisi waswahili tumeyaita haya magonjwa ya zinaa, yaani mtu kabla hajapimwa jina tu limeshamhukumu! Zinaa kwenye sheria haithibiti hivyo. Inataka mashahidi wanne walioona kwa macho yao au mtu akiri mwenyewe, na anayemtupia mwenzake tuhuma bila mashahidi hao Qur'an imemwekea viboko 80, Suratun Nur aya ya 4. Kwa mume na mke kuna mlango wa liani, yaani kuapizana mbele ya hakimu, aya zinazofuata, lakini huo si mlango wa kufunguliwa kwa kidonda.

Na usidhani haya nayatoa kichwani. Yupo mtu wa kabila la Banu Fazara alimwendea Mtume (hadithi iko Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra) akasema mke wangu kazaa mtoto mweusi, kwa namna ya kudokeza kwamba mtoto si wake. Mtume hakumuuliza habari za mke hata kidogo. Akamuuliza una ngamia? Akasema ndio. Rangi gani? Wekundu. Hamna wa kijivu humo? Akasema wapo. Wametoka wapi hao? Yule bwana akajibu labda ni asili imewavuta, Mtume akamwambia basi na huyu mtoto labda ni asili imemvuta. Umeona dada? Mtu kaja na alama ya mwilini anataka kuifanya ushahidi wa uzinifu, Mtume akaikataa kwa mfano wa mifugo anaoujua yeye mwenyewe kila siku. Kidonda chako nacho ni alama ya mwilini tu, hakijamshuhudia mumeo na wala hakijakushuhudia wewe, siku akikunyooshea kidole mwambie kisa cha ngamia.

Tena ukiwauliza madaktari watakwambia hivyohivyo kwa lugha yao. Malengelenge ya sehemu za siri yanaletwa na kirusi ambacho mtu anaweza kukaa nacho miaka bila dalili yoyote halafu kikajitokeza akiwa ndani ya ndoa yake ametulia, na aina moja yake ni ileile inayoleta vidonda vya mdomoni ambayo wengi waliipata utotoni. Kaswende kidonda chake mara nyingi hakiumi, hutokea kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, kisha kinapona chenyewe mtu anashangilia kumbe ugonjwa umezama ndani, na mwenye mimba anaweza kumpa mtoto tumboni. Kuna pangusa, ugonjwa mwingine wa vidonda unaoambukizwa kitandani, hiyo inauma. Halafu yapo ambayo hayahusiani na kitanda kabisa, fangasi, wembe, sabuni yenye manukato, hata dawa, wapo watu wakimeza Septrin ya homa wanatoka vidonda hukohuko na wakimeza tena vinarudi palepale. Sasa wewe na mashoga zako mkikaa barazani mtajuaje ni kipi katika hivyo? Hamjui. Hata mimi sijui, ndo maana nakwambia nenda kapimwe, na damu wapime kaswende na ukimwi kwa pamoja maana kidonda wazi hurahisisha virusi vya ukimwi kuingia.

Daktari mwanaume: tafuta mwanamke kwanza, awe muislamu au asiyekuwa muislamu ni bora kwako kuliko mwanaume. Akikosekana, huyo mwanaume anaruhusika kwa dharura, nesi awepo chumbani au ndugu yako, na atazame panapohitajika tu. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na hapa kwa kweli ni zaidi ya kuzaa. Usipitie duka la dawa kuomba vidonge kwa kunong'ona, na usiweke shabu wala ndimu, utajichubua na daktari atashindwa kuona alichotakiwa kuona.

Habari ya jini mahaba, kusomewa ruqya, yaani Qur'an na dua, ni jambo jema, kombe kunywa ukitaka, lakini Mtume kasema Allah hakuteremsha ugonjwa ila kauteremshia dawa, aliyeijua kaijua na asiyeijua hakuijua. Kaswende dawa yake imeshajulikana, ni sindano ya penisilini. Atakayekwambia acha hospitali usomewe tu huyo mkimbie.

Unyumba: hadithi ya malaika kumlaani mke ni ya anayemkataa mumewe bila udhuru, wewe una udhuru tena mkubwa. Mtume kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kasema mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wazima. Kwa hiyo hujamnyima, umemkinga. Mwambie kwa upole mume wangu nimetoka vidonda, nimepimwa, na wewe twende ukapimwe, mtibiwe wote wawili maana akitibiwa mmoja mtakuwa mnarudishiana. Usimuulize alikuwa na nani. Akikiri mwenyewe basi atubie kwa Mola wake, wala usimchimbe jina la mwanamke na mji gani na lini, hayo ukiyajua hayakuponyi. Akikataa katakata kupimwa na majibu yako yameonyesha ugonjwa wa kuambukiza, unayo haki ya kujizuia naye na kumpeleka kwa wazee, ikishindikana kwa sheikh wa wilaya.

Swala: swali kama kawaida, hii si hedhi. Damu, usaha na majimaji yaliyobadilika rangi au harufu yanayotoka kwenye kidonda cha ngozi ya nje ni najisi kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi lakini kidogo chake kimesamehewa na hakivunji udhu. Kama ni uchafu unatoka ndani mfululizo, jisafishe, weka pedi, tia udhu kila kipindi kikiingia kisha uswali. Maji yakikuchoma kiasi cha kukudhuru na daktari akayakataza, osha palipo pazima na utayamamu kwa ajili ya pale.

Leo Jumanne dada. Kesho asubuhi watoto wakienda shule na wewe panda gari uende, Ijumaa akishuka kwenye lori akukute na karatasi ya majibu mkononi. Wallahu a'lam.