Maswali ya Wasomaji: Mwendo wa Farasi Ndani ya Gitaa la Umeme

Katika toleo lililopita tuliigusia kwa ufupi barua ya mzee mmoja wa Mkomani, Lamu, aliyesikilizishwa na mjukuu wake bendi ya vijana wa Asia ya Kati wanaopiga, kwa mtindo wa miaka ya 1980, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme uitwao hevi metali. Tangu hapo tumepokea barua nyingine tatu juu ya jambo hilo hilo. Tunazijibu zote pamoja, tukianza na ile ya mzee mwenyewe, ambayo safari hii tunaichapisha kwa urefu wake.

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mtu mzima wa Mkomani, nimepiga gambusi harusini kwa miaka mingi, na masikio yangu yamelelewa na taarab. Mjukuu wangu alinifungulia katika simu nyimbo za vijana wa Asia ya Kati, akanieleza kuwa hiyo ni pawa metali na kwamba wanaihuisha sauti iliyokuwapo kabla wao hawajazaliwa. Nilisikiliza nyimbo tatu hadi mwisho, wala sikuchukia kama nilivyodhani nitachukia. Lakini nimebaki na mawili. Kwanza, watu wenye muziki wao wa asili, na walioko mbali kiasi kile, wamepatana wapi na magitaa ya Waingereza? Pili, kuirudia sauti ya jana si dalili ya kuishiwa?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mzee wangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kusikiliza kwanza kisha kuuliza, kwa hiyo nami nitakujibu kwa kirefu.

Muziki huu ulizaliwa viwandani. Kundi la Black Sabbath, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, lilitoka Birmingham, mji wa kufulia vyuma, na mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Alijitengenezea vikofia vya plastiki vya kuvalia vidole hivyo, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza, na ule uzito wa sauti ambao wengine waliuiga ulianzia kwa sehemu katika jeraha hilo. Judas Priest, wa upande huo huo wa Uingereza, wakaweka magitaa mawili yanayojibizana. Iron Maiden, walioanza London mwaka 1975, wakaongeza mbio na visa vya vita na historia. Kisha Helloween wa Hamburg, Ujerumani, katika albamu zao mbili za 1987 na 1988, wakaharakisha ngoma, wakapandisha sauti ya mwimbaji juu kabisa na kupanua viitikio hadi umati mzima uweze kuvishika. Hiyo ndiyo pawa metali aliyokuonyesha mjukuu wako.

Nchi tano za Asia ya Kati, yaani Kazakistani, Kirgizistani, Uzbekistani, Tajikistani na Turkmenistani, zilikuwa wakati huo ndani ya Muungano wa Kisovieti, na zilibaki humo hadi 1991. Santuri zilitolewa na shirika moja la dola, Melodiya, na muziki wa aina hii ulitazamwa kwa jicho la shaka. Kwa hiyo uliingia kwa kanda, mtu akimnakilia mwenzake, na huyo akimnakilia mwingine, mpaka sauti ikawa na mchakacho kama mvua juu ya makuti. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo, kwa sababu nyimbo nyingi za harusi za Lamu na Malindi zimetufikia kwa njia hiyo hiyo, katika kanda iliyonakiliwa kutoka kanda. Mwaka 1985 kundi la Aria lilianzishwa Moscow, likaimba hevi metali kwa Kirusi, lugha ambayo vijana wa Almaty, Kazakistani, na Tashkent, Uzbekistani, waliifahamu shuleni. Mwezi Agosti 1989 Scorpions, Ozzy Osbourne, Bon Jovi na wengineo walipiga kwa siku mbili katika uwanja mkubwa wa Moscow, na muziki uliokuwa wa kufichwa ukatoka hadharani.

Hata hivyo, kuufikia mji si sawa na kukaribishwa nyumbani, na hapa ndipo penye moyo wa swali lako. Watu wa nyika za Asia ya Kati ni watu wa farasi na watu wa tenzi. Wakirgizi wana utenzi wa shujaa Manas, ambao toleo lake lililohifadhiwa kutoka kwa Sayakbay Karalaev lina mistari ipatayo nusu milioni, na ambao huimbwa kwa ghibu na watu maalumu waitwao manaschi. Wakazaki wana dombra, chombo cha nyuzi mbili tu, na vipande vyao visivyo na maneno, viitwavyo kui, husimulia kisa kwa vidole peke yake. Kimoja kati ya vile vya Kurmangazy, mtunzi mkubwa wa karne ya 19, kiitwacho Adai, kinakwenda shoti tangu mwanzo hadi mwisho, mkono wa kulia ukichapa nyuzi kama kwato juu ya ardhi kavu. Sasa sikiliza besi ya Steve Harris wa Iron Maiden, pigo moja refu likifuatwa na mawili mafupi, tena na tena, na utasikia mnyama yule yule akikimbia. Mtoto aliyelelewa na dombra akilisikia pigo hilo hana haja ya kufundishwa kulipenda.

Tena kuna jambo ambalo nilipoligundua nilisimamisha kalamu. Mstari wa tenzi za Wakazaki na Wakirgizi, unaoitwa jir, huwa na silabi saba au nane. Utenzi wetu una mizani nane, yaani silabi nane, kwa kila kipande. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake, bali nadhani pumzi ya mtu anayesimulia vita kwa kuimba ina urefu wake, na mataifa mawili yasiyojuana yaliupima urefu huo yakapata jibu karibu moja.

Kutokana na hayo, wako waliochanganya urithi huo na magitaa ya umeme wazi wazi. Ulytau wa Almaty, walioanza mwaka 2001, wameweka dombra na fidla mbele ya gitaa la umeme. Darkestrah, walioanza Bishkek, Kirgizistani, mwaka 1999 na ambao baadaye walihamia Ujerumani, hupiga aina nyingine iliyo nzito na yenye giza zaidi, lakini mwaka 2013 waliipa albamu yao nzima jina la Manas. Vijana wa mjukuu wako wamechagua njia tofauti: wameiacha dombra kabatini, wakauchukua ule muundo wa miaka ya 1980 kama ulivyo.

Je, wameishiwa? Mzee wangu, mtunzi wa Pate aliyeandika utenzi mwaka 1728 alitumia vipande vinne kwa ubeti, mizani nane kwa kipande, vitatu vikilingana vina na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima. Mtunzi wa Lamu anayeandika leo anatumia hivyo hivyo, wala hatujamwambia kwamba ameishiwa. Tunamuuliza ametia nini ndani. Naamini hevi metali ya miaka ya 1980 imekwisha kuwa bahari, yaani aina ya utungo, yenye kanuni zake, kama utenzi ulivyo bahari, na kijana wa Almaty au Bishkek anayeishika ana haki ya kuhukumiwa kwa kipimo hicho: je, kiitikio chake kinasimama, je, magitaa yake mawili yanazungumza au yanapiga kelele tu, na je, anayo habari ya kusimulia? Ambaye hana habari ya kusimulia, huyo kweli ni mwigaji, na wako wengi.

SWALI: Mimi ni fundi wa redio na spika hapa Malindi. Kijana mmoja aliniletea nyimbo hizo za Asia ya Kati akidai zimerekodiwa hivi karibuni, nami nilibisha, maana masikio yangu yaliniambia ni kanda ya zamani. Wanafanyaje?

JIBU: Bwana fundi, masikio yako hayakukosea, ila yalisikia ufundi yakadhani ni umri. Wewe umewahi kushika redio za zamani zenye vali za kioo. Amplifaya za gitaa za Kiingereza kama Marshall, zilizotawala miaka ya 1980, zilitumia vali hizo, na vali ikisukumwa kupita uwezo wake haikati kilele cha wimbi kwa ghafla kama transista ifanyavyo, bali inakiviringa kidogo kidogo. Ndipo sauti inakwaruza lakini haiumizi. Bendi zinazotafuta sauti ya zamani hurudi kwenye vali, au hutumia programu zinazoiga tabia yake.

La pili ni nyuzi. Bendi nyingi nzito za leo hulegeza nyuzi mpaka gitaa lingurume chini karibu na besi, lakini wahuishaji huzikaza kwa kipimo cha kawaida, na kwa hiyo gitaa linabaki na ule wembe wa juu. La tatu ni magitaa mawili kupiga tuni moja kwa kupishana sauti ya tatu, mithili ya waimbaji wawili ambao mmoja anashika juu kidogo ya mwenzake.

La nne nalitaja kwa uchungu kidogo, kwa sababu limeharibu rekodi nyingi nzuri za miaka ya karibuni, zikiwamo za taarab. Siku hizi wimbo ukimalizika kurekodiwa hubanwa na kompyuta ili kila kitu kiwe na ukubwa mmoja wa sauti, na mnong'ono na kishindo vinasikika sawa. Rekodi za miaka ya 1980 zilikuwa na bonde na kilima. Bendi inayoiga vizuri huacha nafasi hiyo, na ngoma hubaki ngoma iliyopigwa na mtu chumbani, yenye mwangwi mrefu, badala ya kila pigo kubadilishwa na nakala moja ya pigo lililo kamili. Uchukue wimbo wowote kati ya hizo alizokuletea kijana, uuweke katika spika moja na wimbo wa leo, kisha utazame sindano ya kipimo cha sauti. Kwa wimbo wa kwanza itacheza, na kwa huu wa pili itakwama juu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, Malindi. Mwanangu anavaa fulana zenye mafuvu na kusikiliza bendi hizo. Nimeambiwa ni muziki wa kumwabudu shetani. Nifanye nini?

JIBU: Mama yangu, hofu yako ni ya haki na sitaipuuza. Ndani ya hevi metali yako makundi yanayotumia maneno na picha za kishetani, mengine kwa kutafuta kushtua na machache kwa kukusudia. Pawa metali kwa kawaida si upande huo, kwani maneno yake mengi ni ya mashujaa, safari, vita vya kale na kuvumilia dhiki. Nchi tano za Asia ya Kati nazo wengi wa watu wake ni Waislamu, na ndizo zenye Bukhara na Termez, miji ambayo kila mtoto aliyepita madrasa anaijua kwa majina ya Bukhari na Tirmidhi, japokuwa hilo peke yake haliufanyi kila wimbo wa huko kuwa mwema. Mwambie mwanao akae nawe na akutafsirie maneno ya wimbo anaoupenda kuliko yote, mstari kwa mstari. Akiweza na asione haya, utakuwa umejua mengi kuliko aliyekuambia. Na akikwepa mstari fulani, hapo ndipo pa kuulizia.

SWALI: Sisi ni vijana wanne wa Langoni, Lamu. Tuna magitaa mawili, besi na seti ya dramu tuliyonunua kwa kuchangishana. Tungependa kusimulia kisa cha Fumo Liyongo kwa pawa metali. Je, Kiswahili kinafaa?

JIBU: Kinafaa kuliko mnavyodhani, ndugu zangu, nami nimeifurahia barua hii kupita zote. Chukueni kipande kimoja cha mizani nane, kwa mfano *Tupa ikakata pingu* (tupa ni kile chombo cha kukerezea chuma). Kiwekeni katika mapigo manne, kila pigo mizani mbili. Mtaona kwamba mkazo wa neno, ambao katika lugha yetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia penyewe juu ya pigo: *tu* pigo la kwanza, *ka* la tatu, *pi* la nne. Si kila kipande kitatii hivyo, lakini visivyotii mtavisikia mara moja na kuvitengeneza. Zaidi ya hayo, silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na sauti ya juu inayovutwa kwa muda mrefu inataka mdomo ulio wazi. Chagueni kina cha bahari kinachoishia kwa *a*, kwa sababu *u* na *i* humbana mwimbaji koo akiwa juu.

Msiimbe Kiingereza cha kuazima, wala msijaribu kumaliza kisa chote katika wimbo mmoja. Shikeni usiku ule mmoja tu wa gereza, mkate wenye tupa ndani yake, na ngoma ya gungu iliyopigwa nje kwa kishindo ili walinzi wasisikie chuma kikikatwa. Kisa chenyewe kimekwisha kuwapangia vyombo: dramu na besi ni gungu, na gitaa moja ni tupa, likwaruze chini chini tangu mwanzo, ngoma ikipanda nalo lipande. Fanyeni mazoezi mapema alasiri na milango imefungwa, mkinyamaza kabla ya adhana, kwani vichochoro vya Langoni hubeba sauti mbali na majirani hawajazoea. Na pale pingu inapokatika, nyamazeni wote wanne kwa pigo moja zima, asikike mwimbaji peke yake, kisha ndipo farasi atoke shoti.